Kitasa Kigumu cha Gari: Tutie Nini?

(Mazungumzo ya fundi wa magari mbele ya wanakijiji wenye pikapu yao ya ushirika)



Pikapu yetu hupeleka pamba. Usiku hupeleka wagonjwa hospitali. Sasa kitasa cha mlango wa dereva kimekuwa kigumu. Je, ufunguo ukikatikia humo saa nane za usiku, na mama mjamzito yuko kitandani anangoja? Ndiyo maana nimeomba nafasi niseme.

Ndani ya kitasa mna vipande vyembamba, na kila kipande kina springi yake ndogo. Ufunguo ukiingia, vipande hupanda na kushuka mpaka vikae sawa. Hapo ndipo kitasa hugeuka. Kipande kimoja tu kikinasa, basi.

Adui ni vumbi. Barabara yetu mnaijua; kiangazi vumbi linaingia mpaka kwenye ugali!

Wengine hutia mafuta ya kupikia. Siku mbili tatu kitasa hulainika, na mtu hufurahi. Baadaye mafuta yale huganda kama gundi, yakashika vumbi. Oili chafu ya injini nayo mbaya, ina masizi na chembe za chuma. Grisi ni nzito mno kwa tundu la ufunguo. Mafuta ya breki msiyasogeze kabisa, yanababua rangi ya gari.

Kinachofaa ni kitu kikavu. Uko unga mweusi uitwao grafiti. Unateleza, wala haushiki vumbi kama mafuta. Usipoupata dukani, chukua penseli, ile ile tuliyoandikia darasani! Ndani yake mna grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Sugua penseli kwenye meno ya ufunguo mpaka yawe meusi. Ingiza, toa, ingiza, toa, mara kumi hivi. Kisha geuza polepole.

Lakini kitasa kilichokwisha kutiwa mafuta usikitie unga. Utafanya tope. Kisafishe kwanza. Ile dawa ya kupuliza, WD-40, iliyobuniwa Marekani mwaka 1953 kwa kufukuza maji kwenye chuma, yafaa kusafishia. Puliza, chezesha ufunguo, futa uchafu. Rudia mpaka ufunguo utoke safi. Kiache kikauke usiku kucha, ndipo utie unga.

Tena, hebu geuza ufunguo mlango ukiwa wazi. Ukigeuka vizuri, tundu halina kosa. Shida iko kwenye komeo, au bawaba zimelegea mlango ukashuka. Komeo ndilo la kutiwa grisi kidogo.

Jaribu pia ufunguo wa akiba. Huo ukigeuka vizuri, basi ule wa kila siku umelika meno, na hakuna mafuta ya kuuponya. Chongesha mwingine kwa kufuata ule wa akiba, si ule uliolika.

Na wewe ndugu dereva, hiyo plaizi weka chini. Ufunguo haulazimishwi kwa plaizi, utakatika. Wa akiba mpe katibu aukae nao. Usiufungie ndani ya gari, jamani!