Uthabiti wa Mkuu wa Shule Siku ya Hatari



Watu wengi hudhani kwamba uthabiti wa mkuu wa shule siku ya hatari ni tabia ya kuzaliwa nayo: huyu kajaaliwa, yule kanyimwa. Dhana hiyo haina msingi. Aliyekwisha kujua la kufanya hutulia. Asiyejua hubabaika, hata awe hodari namna gani. Waliosema kwamba akiba haiozi hawakukusudia nafaka na fedha peke yake.

Mwezi wa Machi 2001, katika nchi ya Kenya, moto uliteketeza bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, wakafa wanafunzi 67. Madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Mwezi wa Septemba 2020, watoto 10 walikufa kwa moto wa bweni katika shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilaya ya Kyerwa, Tanzania. Kufuli hutiwa kwa nia njema, mwizi asiingie wala mtoto asitoroke. Lakini moto ukizuka, kufuli lile lile huwa adui. Kwa hiyo jambo hilo halina budi kukatwa mchana, mambo yakiwa shwari: mlango upi usitiwe kufuli kamwe, ufunguo ukae wapi, na nani alale karibu nao. Usiku wa moto si wakati wa mashauri.

Huko Japani, tarehe 11 Machi 2011, baada ya tetemeko kubwa la ardhi, watoto wa shule ya msingi ya Okawa walikaa uwanjani kiasi cha dakika 50, ilhali kilima ki nyuma ya shule. Mkuu wa shule hakuwapo siku hiyo. Bahari ikafurika, wakapotea watoto 74 na walimu 10. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ya Sendai ilihukumu kwamba kosa lilitangulia tetemeko lenyewe, kwa kuwa mpango wa kutosha haukuwekwa mapema.

Yafaa basi kila mkuu wa shule aazimie mambo manne. Kwanza, awataje kwa majina wawili watakaoshika amri asipokuwapo, na watu wote wawajue. Pili, awazoeze watoto kutoka kila muhula, mchana na usiku pia, kwani njia ya mchana gizani huwa ngeni. Tatu, daftari la majina litoke pamoja na watoto, wahesabiwe mahali pamoja; pasipo hesabu hajulikani aliyebaki ndani. Nne, mtu mmoja tu awape wazazi habari, naye aseme lililo kweli, asifiche wala asikisie.

Wazee na wazazi nao wana sehemu yao. Mkuu akipiga kengele, watoto wakatoka mbio, kisha ikaonekana kwamba moshi ulikuwa wa jikoni tu, asichekwe wala asilaumiwe. Akiaibishwa leo, kesho atasita. Na katika kusita kwake ndimo roho za watoto hupotelea. Heri kengele kumi za bure kuliko moja iliyochelewa.