Maji Magumu na Mabomba ya Nyumbani

Hotuba kwa wenye nyumba



Mtu aliyezoea maji ya Nairobi, akihamia Kilifi au Malindi na kuteka maji ya kisima, hushangaa siku ya kwanza ya kufua. Hupaka sabuni, akasugua, lakini povu halitoki; hutoka utando mweupe unaoganda juu ya maji na kushika nguo. Watu husema maji hayo ni mabaya. Si mabaya, ni magumu. Yafaa kila mwenye nyumba ajue ugumu huo watoka wapi, kwa maana asipoujua utamgharimu fedha nyingi.

Mvua inaponyesha, maji yake huwa laini. Yakipita angani na udongoni hupata hewa ile ile itokayo katika pumzi ya mtu, nayo huyafanya yawe makali kidogo. Yakikuta mawe ya chokaa, huyayeyusha polepole na kuyachukua bila kuonekana kwa macho. Pwani ya Kenya, tangu Shimoni mpaka Malindi, nchi imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa tupu. Watu wa pwani tangu zamani huyachoma matumbawe na kupata chokaa ya kujengea nyumba. Basi chokaa ile ile iliyo ukutani ndiyo iliyomo kisimani. Maji mengi ya Nairobi hutoka katika mito ya milima ya Aberdare, iliyozuiliwa kwa mabwawa kama Sasumua, lililomalizika mwaka 1956, na Ndakaini, lililomalizika mwaka 1994. Mawe ya huko yalitokana na volkano na chokaa yake ni haba. Ndiyo sababu maji yake ni laini.

Maji magumu yakipata moto huiacha chokaa waliyoichukua. Hapo ndipo ukoko mweupe unapofanyika ndani ya birika. Haba na haba hujaza kibaba: ukoko wa leo ni mwembamba kama karatasi, lakini baada ya miaka bomba la maji moto laweza kubaki na tundu la penseli. Ukoko huzuia moto usiyafikie maji, kwa hiyo kuni, makaa au umeme hutumika zaidi kwa kazi ile ile. Chuma cha umeme kilicho ndani ya chombo cha kupashia maji kikivikwa ukoko, hupata joto kupita kiasi na kuungua. Matundu ya bomba la kuogea huziba, na vali ya tangi hukwama ikaacha maji yakimwagika usiku kucha.

Lakini hatari kubwa iko katika vali ya usalama ya chombo cha kupashia maji. Kazi yake ni kutoa maji na mvuke nguvu inapozidi ndani. Ikizibwa na ukoko, chombo chaweza kupasuka na kujeruhi watu wa nyumba. Kwa hiyo kila mwaka fundi aitwe aikague vali hiyo, wala mtu yeyote asiizibe eti kwa sababu inadondosha maji. Joto lisizidishwe bila haja; nyuzi 60 za Selsiasi zatosha, maana kadiri joto linavyozidi ndivyo ukoko unavyoshika upesi.

Namna ya kuyajua maji magumu ni rahisi. Chukua chupa mbili safi, moja utie maji ya mvua na ya pili maji ya kisima. Katika kila moja tia matone machache ya sabuni ya mche iliyoyeyushwa, kisha tikisa. Ya mvua yatafanya povu tele. Maji magumu yatafanya utando. Usitumie sabuni ya unga, kwa sababu nyingi za namna hiyo hutoa povu hata katika maji magumu.

Dawa ya kwanza ni mvua yenyewe: mabati safi, mfereji wa paa na tangi lenye kifuniko. Ya pili ni kuchemsha. Sehemu ya chokaa hutua chini, na maji yaliyo juu huwa laini zaidi. Kuna ugumu wa namna nyingine usioondoka kwa moto, lakini huondoka kwa magadi. Magadi huchimbwa kwa wingi katika ziwa la jina hilo hilo, kusini mwa Nairobi, na kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Kwa kufulia, tia kidogo kidogo katika ndoo, koroga, uache yatue, kisha umimine maji yaliyo juu. Magadi hayo si ya maji ya kunywa, kwa sababu yanayochimbwa huko yana floraidi, iharibuyo meno ya watoto.

Nyumba yenye mabomba mengi yaweza kuwekewa mtambo wa kulainisha maji. Ndani yake mna chembe zinazoshika chokaa, nazo husafishwa kwa maji ya chumvi ya kawaida. Bomba la jikoni liachwe nje ya mtambo huo, ili maji ya kunywa ya watoto wachanga na wagonjwa wa shinikizo la damu yasiongezewe chumvi.

Ukoko uliokwisha kushika ndani ya birika huondolewa kwa siki au maji ya ndimu: jaza, uache usiku kucha, kisha usuuze vema. Asidi ya betri isitumiwe kamwe. Hula chuma na kuunguza mtu.

Jambo la mwisho lisisahauliwe. Chokaa ndani ya maji haimdhuru mnywaji. Lakini maji kuwa laini si kuwa safi. Kisima kilicho karibu na choo chaweza kuwa na maji meupe kama kioo, na ndani yake mna vijidudu vya ugonjwa. Yachemshwe kwanza, ndipo yanywewe.