Si Kila Bandama Lililovimba Ni Malaria

Msikilizaji, mtoto akivimba tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, kwetu neno la kwanza ni malaria. Mara nyingi ni kweli. Lakini wapo wanaopimwa mara tatu, mara nne, majibu ni safi, na bandama linazidi kukua.

Baadhi yao wana ugonjwa wa Gaucher. Hata aliyeupa ugonjwa huu jina lake alikosea. Mwaka 1882 Philippe Gaucher, tabibu kijana wa Ufaransa, alichunguza bandama la mwanamke wa miaka 32, kubwa kupita kiasi, akadhani ni uvimbe wa saratani.

Kumbe chanzo ni kingine. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi. Zikichakaa, kwenye bandama, ini na uboho zipo seli zinazozimeza. Utando wa chembe hizo una mafuta yaliyofungamana na sukari, na huvunjwa kwa kimeng'enya kiitwacho glukoserebrosidesi. Mtoto aliyerithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia, ingawa wao wenyewe ni wazima, hana kimeng'enya hicho cha kutosha. Seli zake humeza zisimeng'enye, zikafura. Bandama huvimba, damu hupungua, mifupa huuma na kuvunjika upesi.

Upungufu huo wa kimeng'enya uligunduliwa Marekani na Roscoe Brady na wenzake, katikati ya miaka ya 1960. Wakatafuta pa kukipata kimeng'enya, wakakipata kwenye kondo la nyuma, lile tunalolizika kwa heshima mtoto anapozaliwa! Dawa yake iliidhinishwa mwaka 1991, na kumtibu mgonjwa mmoja kwa mwaka kulihitaji makondo maelfu kwa maelfu. Leo kimeng'enya hutoka kwenye seli zinazokuzwa maabara. Mgonjwa hutundikiwa dripu kila wiki mbili, na kwa aina isiyogusa ubongo, bandama hunywea.

Bei yake ni zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Kwangu hiyo ni dhuluma, na serikali zetu zisinyamaze.

Lakini kutambua ugonjwa hakungoji bei ishuke. Matone machache ya damu hudondoshwa kwenye karatasi maalumu, yakikauka hupelekwa hata maabara ya mbali.

Mzazi, malaria ikikosekana na tumbo bado linakua, usikubali kurudi nyumbani na dawa zilezile. Muulize daktari: kama si malaria, ni nini?