Homa Si Malaria Tu

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, ambaye ni tabibu, katika mkutano wetu hapa Ngorongo)



Mwaka 2009, nikiwa tabibu mpya katika zahanati moja ya bondeni, nililetewa kijana mvuvi. Alikuwa na homa, na kichwa kilimuuma siku kumi. Nikamwandikia dawa ya malaria. Alipofikishwa hospitali hajitambui, maji ya uti wa mgongo yalionyesha kuvu, na damu ikaonyesha virusi vya UKIMWI. Akafariki siku ya tatu. Kosa lilikuwa langu: sikuuliza, wala sikupima.

Magonjwa ya namna hii huitwa nyemelezi, na sisi watu wa Rufiji tunajua kunyemelewa: mamba hatoi hodi. Kinga ikianguka, hata dalili hufifia, kwa kuwa dalili nyingi ni kelele za mwili unaopigana. Mwenye kifua kikuu aweza kuwa na picha safi ya eksirei, na makohozi yake yasionyeshe kitu kwenye darubini. Asiambiwe kuwa ni mzima! Makohozi yapimwe kwa mashine ya vinasaba, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2010. Na aliyezidiwa apimwe mkojo pia.

Kuvu nayo huacha alama katika damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijauma. Kipimo chake ni kijikaratasi tu, na majibu hutoka kwa dakika kumi. Mwaka 2012 na 2013, huko Dar es Salaam na Lusaka, watafiti waliandikisha wagonjwa 1,999 wenye seli za CD4 chini ya 200. Kundi moja lilipimwa kuvu, waliokutwa nayo wakapewa dawa mapema, na wote wakatembelewa nyumbani. Kundi la pili lilipata huduma ya kawaida. Baada ya mwaka, katika kundi la kwanza walifariki 134 kati ya 1,001. Katika la pili, 180 kati ya 998.

Wadogo zangu, wengine wenu mtavaa koti jeupe. Wengine mtakuwa ndugu wa mgonjwa. Mkiona homa isiyosikia dawa, kukonda, kikohozi au kichwa kisichopoa, msikae kimya. Ulizeni: je, amepimwa virusi? Kinga yake ikoje? Swali hilo mimi sikuliuliza.