Ujuzi Usiozikwa: Faida za Ushirikiano katika Sanaa na Ubunifu

Hotuba ya Afisa Utamaduni wa Wilaya katika mkutano wa mafundi na wasanii wa kata



Kata hii haina upungufu wa mikono yenye ujuzi. Wapo maseremala, mafundi wa kuchomelea, washonaji, wasusi wa mikeka na wachora mabango. Hata hivyo, kila mmoja hufanya kazi peke yake. Anapotokea mteja anayehitaji viti hamsini kwa mwezi mmoja, hakuna karakana inayoweza kumhudumia. Mteja huyo huenda mjini, na fedha zake huenda naye. Hilo ndilo ninaloomba tulitafakari leo.

Tunao mfano humu humu nchini. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za kung'aa zipakwazo baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba. Alifariki mwaka 1972. Lau angeuficha ujuzi wake, ungezikwa pamoja naye. Lakini alikuwa amekwisha kuwafundisha ndugu na vijana waliomzunguka. Hao waliendelea kuchora, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika huko Oysterbay. Kazi ya miaka michache ya mtu mmoja imekuwa riziki ya vizazi vya wachoraji.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza: ujuzi ulioshirikishwa humshinda umri mwenye nao.

Faida ya pili ni ubora. Chukueni kiti cha kawaida. Seremala anaujua mti utakaopinda ukikauka. Fundi wa kuchomelea anakijua kiungo kitakachoachia. Mshonaji anakijua kitambaa kitakachochanika mapema. Wakikaa pamoja kabla ya kukata ubao wa kwanza, kasoro huonekana ingali kwenye karatasi, ambako kuirekebisha hakugharimu kitu. Na wakimwita pia yule atakayekikalia, watajua urefu unaofaa.

Faida ya tatu ni mtaji. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ya wanawake na vijana hupitia vikundi vilivyosajiliwa. Fundi kijana aliye peke yake, hata awe hodari namna gani, mlango huo haumfungukii.

Najua hofu iliyopo, nayo si ya bure. Wapo waliowahi kuonyesha michoro yao, kisha wakaiona sokoni kwa jina la mwingine. Wapo waliofanya kazi na wenzao, malipo yakaishia mfukoni mwa mmoja. Ushirikiano usio na masharti huvunja urafiki na kazi pamoja. Kwa hiyo nashauri kila kikundi kiandike mambo matatu kabla ya kupokea kazi: nani amebuni na jina lake litawekwa wapi, kila mmoja atalipwa kiasi gani na lini, na fedha zitatunzwa wapi, kwa saini za nani. Karatasi moja iliyosainiwa mapema huzuia mashauri mengi ya baadaye.

Ndugu zangu, sisemi kila fundi afunge karakana yake. Kila mtu abaki na chombo chake na wateja wake. Ninachoomba ni kwamba kazi iliyo kubwa kuliko mmoja wetu isiondoke katani bila sisi kuulizana kwanza. Walio tayari kuanza wajiandikishe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, katika Ofisi ya Kata, awaongoze katika kuandaa katiba ya kikundi na kukisajili.

Kidole kimoja hakivunji chawa.