Mifupa ya mabinti wetu



Kule Boston, Marekani, kuna munganga anaitwa Anne Klibanski. Miaka mingi amechunguza mabinti wenye anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula. Mwili ukikosa chakula unapunguza estrojeni, homoni ya uzazi. Siku za mwezi zinakatika, mifupa inalegea. Mwaka 1995 timu yake ilionyesha kwamba kwa jumla kuwapa homoni hiyo tu hakukuzuia mifupa kupungua.

Njaa yetu si ugonjwa ule, hapa hakuna aliyejinyima. Lakini mwili wenye njaa unapunguza homoni ileile. Ndiyo maana inatuuma kuona mama anauza ndagala zote anunue vidonge vya kurudisha mwezi wa binti. (Na majirani wameshasema ni mimba!) Tulimsindikiza mmoja kwenye kituo cha afya: hana mimba, amekonda tu.

Sasa kamati inataka kuondoa maharagi na mafuta kwa mabinti wakubwa, eti fungu ni la watoto wadogo. Hapo hatukubali. Umri wao ndio mifupa inajijenga kwa haraka. Tupige kura leo, kabla magunia hayajafunguliwa.