Wiki Mbili za Kwanza Nje ya Geti

Mada kwa semina ya maafisa ustawi wa jamii na watumishi wa afya, Dodoma



Tarehe 9 Desemba 2017, hapahapa Dodoma, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Kati yao 1,828 waliachiwa mara moja. Waliobaki walipunguziwa vifungo. Wengi tunaikumbuka siku hiyo kwa ajili ya wanamuziki Babu Seya na mwanawe Papii Kocha. Mada yangu inawahusu wale wengine, ambao hakuna aliyewafuata na kamera.

Anayetoka ghafla namna hiyo anafurahi, lakini hakupata nafasi hata ya kuuliza kama mama yake yu hai. Hata hivyo tusijifiche nyuma ya msamaha wa Rais. Wafungwa wengi wenye vifungo vya muda maalumu hupunguziwa theluthi kwa mwenendo mzuri, kwa hiyo tarehe yao ya kutoka hukadiriwa mapema. Tunaijua na hatuifanyii kazi.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 30,237 waliotoka magereza ya jimbo la Washington. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya ile ya wakazi wengine. Dawa za kulevya kupita kiasi ziliongoza, lakini walikuwepo pia waliojiua na waliouawa. Sisi hatuna tatizo la dawa hizo kwa sura ileile, na sitaihamishia namba hiyo kwenye magereza yetu ya Segerea wala Butimba. Ninachokichukua ni kipindi chenyewe. Sisi hupanga kumtembelea mtu baada ya mwezi mmoja au mitatu, "akishatulia". Tunafika wakati pabaya pameshapita.

Ni nini kinachotokea katika siku hizo? Gerezani mtu huhesabiwa asubuhi na jioni, huambiwa wakati wa kula, wa kulala na wa kuoga. Mlango hafungui yeye. Baada ya miaka minane ya maisha hayo, mkewe akimuuliza asubuhi anataka kufanya nini leo, hana jibu. Anakaa karibu na ukuta, anaamka saa ya hesabu, anashtuka funguo zikigongana, hapendi kupita sokoni penye watu wengi. Nyumbani wanasema jela imemfanya mvivu, au ana kiburi. Yeye naye anaona aibu kueleza, kwa sababu mwanamume mzima ataanzaje kusema anaogopa kuvuka barabara? Kwa mwanamke mambo huwa magumu zaidi. Mara nyingi mume ameshaoa mwingine, na kwao wanaona haya kumpokea, kwa hiyo hata mahali pa kukaa karibu na ukuta hana.

Halafu kuna karatasi. Aliyefungwa mwaka 2012 aliacha nchi ambayo laini ya simu ilipatikana dukani kwa dakika tano. Tangu Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na usajili huo unataka namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ya NIDA. Bila laini hana akaunti ya pesa ya simu, na bila hiyo hata kibarua cha wiki kinampita. Aende basi kwa mtendaji wa mtaa kuomba barua ya utambulisho. Ataulizwa alikuwa wapi miaka yote hiyo, foleni nzima ikisikiliza. Naliita hili suala la afya ya akili, na najua baadhi yenu mtasema ni la utawala. Mtu akifungiwa dirisha usoni mara tatu kwa wiki moja, dozi gani ya dawa itamtibu?

Juu ya dawa zenyewe sitazunguka. Jirani zetu wa taasisi ya Isanga hutibu watu waliotenda makosa wakiwa wagonjwa wa akili, na katika magereza ya kawaida pia wapo wanaochomwa sindano kila mwezi. Wakitoka, jalada la matibabu linabaki ndani. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, za mwaka 2015, katika Kanuni ya 110, zinataka matibabu ya akili yaendelee baada ya kuachiwa. Kanuni ya 108 inataja vitambulisho, mavazi na njia ya kufika aendako. Barua ya rufaa kwenda kituo cha afya cha kata yake na dawa za siku 30 mkononi havihitaji bajeti mpya.

La mwisho, nani ampokee? Pale San Francisco, tangu mwaka 2006, kuna kliniki ambayo wahudumu wake wa jamii ni watu waliowahi kufungwa wenyewe. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na kusikiliza watu, na utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionesha dalili za sonona zilipungua. Hapa kwetu, Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii nchi nzima. Sioni sababu ya mtu aliyemaliza kifungo na kutulia mtaani kwake kunyimwa nafasi humo. Atatambua kimya cha mgeni wake kabla ya afisa mwenye fomu.

Kuna jambo moja linalotufunga mikono. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Mtu aliyetoka jela juzi hatakuambia anawaza kufa, kwa kuwa anajua neno hilo linaweza kumrudisha. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha kwao cha namna hiyo kinapingana na katiba.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, naiomba kamati ya maazimio iongeze mambo matatu kwenye fomu ya kumwachia mfungwa: namba ya NIDA au tarehe ya kuandikishwa akiwa bado ndani, jina la kituo cha afya kilichopokea rufaa, na simu ya mtu atakayemtembelea kabla ya siku ya saba. Suala la kifungu cha 217 liende kwa wanasheria wetu na lipangiwe tarehe.